Trela zito hupangiwa miteremko kabla ya kilomita

SAFARI ya kutoka bandari ya Mombasa hadi mpaka wa Malaba ni ya kilomita 930 hivi. Mwenye gari dogo huihesabu kwa saa na kwa lita za mafuta. Anayekokota trela lenye kontena la futi 40 hana budi kuihesabu kwa namna nyingine: barabara inapanda wapi, inateremka wapi, na gari litakuwa na uzito gani litakapofika hapo.

Hesabu hiyo ikikosewa, gharama haimwangukii dereva peke yake. Mnamo Desemba 10, 2016, lori lililobeba kemikali lilishindwa kudhibitiwa katika eneo la Karai karibu na Naivasha, likagonga magari kadhaa na kulipuka. Takriban watu 40 waliangamia. Mnamo Juni 30, 2023, trela liliacha njia katika makutano ya Londiani kwenye barabara ya Nakuru kuelekea Kericho, likavamia magari, abiria na wachuuzi waliokuwa kando ya barabara. Zaidi ya watu 50 walipoteza maisha. Wengi wa waliofariki hawakuwa na uhusiano wowote na malori yaliyowaua.

Kwa sababu hiyo, mpango wa safari ya trela si shughuli ya dereva kukisia akiwa tayari ameshika usukani. Ni kazi ya kufanywa kabla ya gari kutoka uwanjani, na mwenye gari na dereva wanapaswa kuifanya pamoja.

UMBO LA BARABARA

Barabara kuu ya Mombasa hadi Malaba, ambayo siku hizi hutambulika kama A8, ni uti wa mgongo wa Ukanda wa Kaskazini. Ndiyo inayopeleka shehena Uganda, na kupitia huko hadi Rwanda, Burundi, Sudan Kusini na mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo.

Kutoka usawa wa bahari, barabara hupanda taratibu kupitia Mariakani, Voi, Mtito Andei na Emali hadi Nairobi, mji ulio katika kimo cha mita 1,700 hivi. Mwinuko huo umetandazwa katika kilomita 480, kwa hivyo dereva hauhisi sana, ingawa injini inauhisi. Kutoka Nairobi, barabara hupanda tena hadi maeneo ya Limuru yaliyo zaidi ya mita 2,200, kisha huporomoka ghafla katika ukingo wa Bonde la Ufa.

Baada ya Naivasha, Gilgil na Nakuru, mwinuko mwingine huanza. Timboroa, ambapo barabara hufikia kimo chake cha juu kabisa, ni zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Hapo ndipo mteremko mrefu huanza kupitia Burnt Forest, Eldoret, Turbo na Webuye hadi Malaba, ambako kimo kimeshuka na kukaribia mita 1,200.

Anayetazama ramani ya kawaida haoni lolote kati ya hayo. Ramani huonyesha mstari mmoja na miji iliyotundikwa juu yake. Ndiyo maana hatua ya kwanza ya kupanga safari ni kuchora safari hiyo kwa vimo: sehemu za kupanda, sehemu za kuteremka, na mahali penye nafasi ya kusimamisha gari kabla ya kila mteremko.

JOTO LINAVYOVUNJA BREKI

Trela linapopanda mlima, injini hutumia mafuta kuuinua uzito. Linapoteremka, nguvu iyo hiyo hurudi na lazima iende mahali. Chukua mfano wa gari lenye uzito wa tani 50 linaloteremka mita 500 za wima. Nguvu inayoachiliwa ni sawa na joto la kuchoma takriban lita 7 za dizeli. Sehemu yake huchukuliwa na upepo na msuguano wa matairi. Iliyosalia huchukuliwa na injini au na breki.

Dereva akikanyaga breki mfululizo, joto hilo lote huingia katika ngoma na viatu vya breki. Ngoma ya chuma ikipata moto hupanuka na kuviponyoka viatu, na viatu vyenyewe hupoteza uwezo wa kung'ata. Dereva huhisi pedali ikifanya kazi kama kawaida, upepo ungali tangini, lakini gari halipungui mwendo. Mara nyingi harufu ya kuungua na moshi kwenye magurudumu ndiyo ishara ya mwisho.

Kinga ni moja tu, nayo huchukuliwa juu ya mlima wala si katikati yake. Dereva anapaswa kupunguza mwendo na kuingiza gia nzito kabla mteremko haujaanza, ili injini na breki ya ekzosi zilishike gari. Madereva wa zamani walikuwa na kanuni kwamba gia ya kupandia ndiyo ya kuteremkia. Kwa magari mengi ya kisasa yenye injini zenye nguvu zaidi, hata hiyo huenda isitoshe. Yafaa gia ya chini zaidi. Akishachagua mwendo salama, dereva hukanyaga breki kwa uthabiti mpaka mwendo upungue kwa takriban kilomita 10 kwa saa, kisha huziachilia zipoe kabla ya kukanyaga tena.

Kinyume cha hayo ni tabia ya kuondoa gia na kuliacha gari liserereke lenyewe, ambayo imelaumiwa kwa miaka mingi katika miteremko ya Salgaa. Anayefanya hivyo huamini kwamba anaokoa mafuta. Lakini katika injini nyingi za kisasa za dizeli, gari likiwa ndani ya gia na mguu ukiwa umeondolewa kwenye pedali ya mafuta, injini hukatiza mafuta kabisa. Likiwa nje ya gia, injini huendelea kunywa ili isizime. Isitoshe, gari likishashika kasi, kulirejesha ndani ya gia ya chini ni jambo lisilowezekana. Kinachobaki ni breki peke yake dhidi ya tani 50.

SEHEMU TATU ZA KUWEKEWA ALAMA

Sehemu ya kwanza ni ukingo wa Bonde la Ufa. Kutoka Rironi kuna njia mbili: ya juu inayopitia Kinungi hadi Naivasha, na ya chini inayopitia Mai Mahiu, iliyojengwa na wafungwa wa kivita wa Italia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Kanisa dogo walilolijenga mnamo 1942 lingalipo chini ya mteremko huo. Njia ya Mai Mahiu hutumiwa na magari mengi mazito. Ni nyembamba, ina kona kali, upande mmoja una ukuta wa mwamba na mwingine una genge. Trela linalotoka Mombasa hufika hapo likiwa limejaa, na huteremka likiwa na uzito wake wote.

Sehemu ya pili ni Timboroa na Mau Summit. Hapa adui wa kwanza ni kimo. Hewa katika mita 2,700 ni pungufu kwa karibu robo ikilinganishwa na ya Mombasa, na maji huchemka kabla ya kufikia nyuzi 92. Rejeta yenye kifuniko kilicholegea, ambayo haikuleta taabu yoyote Voi, inaweza kuchemka Timboroa. Fauka ya hayo, eneo hili hupata ukungu, baridi na mvua kubwa, na barabara iliyolowa hurefusha umbali wa kusimama.

Sehemu ya tatu hukutana na dereva anaporudi. Ni mteremko wa kutoka Mau Summit kupitia Sachang'wan na Migaa hadi Salgaa. Kati ya Timboroa na Nakuru, barabara hupoteza zaidi ya mita 800 za kimo. Ni hapa Migaa, mnamo Desemba 31, 2017, ambapo watu 36 waliaga dunia basi na lori yalipogongana. Dereva anayerudi huwa amechoka, ana haraka ya kufika nyumbani, na pengine trela lake ni tupu au lina mzigo mwepesi. Trela tupu lina hatari yake: magurudumu yake hujifunga upesi likifungwa breki za ghafla, nalo huanza kujipinda na kukisukuma kichwa nje ya njia.

Kwa kila mojawapo ya sehemu hizi, mpango unapaswa kutaja mambo manne: mahali pa kusimama na kukagua breki kabla ya kuteremka, gia itakayotumika, mwendo wa juu utakaoruhusiwa, na saa ya kupita. Saa ifaayo ni ya mchana. Usiku dereva haoni ukungu ukija, wala hatambui mapema lori lililokwama mbele yake bila taa.

UZITO NA MIZANI

Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, iliyopitishwa mnamo 2013, huweka kikomo cha tani 56 kwa gari lenye ekseli saba. Kila ekseli au kundi la ekseli lina kikomo chake pia. Ekseli ya usukani hubeba tani 8, mbili zilizoandamana za kichwa hubeba tani 18, na tatu zilizoandamana za trela hubeba tani 24. Ukijumlisha, gari la ekseli sita huruhusiwa tani 50, mzigo na chuma chake pamoja.

Jambo ambalo wenye mizigo wengi husahau ni kwamba gari linaweza kuwa chini ya tani 50 na bado livunje sheria. Mzigo ukirundikwa mbele, ekseli za kichwa huzidi. Ukirundikwa nyuma, za trela huzidi na usukani huwa mwepesi kupindukia. Kontena lililofungwa haliwezi kupangwa upya barabarani. Kwa hivyo, ni lazima mgawanyo wa mzigo ujulikane kabla ya mlango kutiwa lakiri.

Mizani ya Mariakani, Athi River, Gilgil na Webuye zapaswa kuandikwa katika mpango, pamoja na muda wa foleni. Mwenye gari asiyeweka nafasi ya mizani katika ratiba yake humlazimisha dereva kuufidia muda huo kwa mwendo, na mahali rahisi pa kuongeza mwendo ni kwenye mteremko.

Kimo cha shehena nacho hupimwa. Kontena la kawaida lina kimo cha mita 2.6 hivi, na lile refu zaidi mita 2.9. Ukiongeza kimo cha trela lenyewe, tofauti hiyo ndogo inatosha kunasa nyaya za umeme zilizolegea au kukwaruza daraja. Kipimo halisi chapaswa kuandikwa na kubandikwa ndani ya kichwa, mbele ya macho ya dereva.

SIKU TATU, SI MBILI

Sheria ya Trafiki humkataza dereva wa gari la biashara kuendesha kwa zaidi ya saa nane katika kipindi cha saa 24. Trela lililojaa, ukihesabu milima, miji na foleni, ni nadra kupata wastani wa zaidi ya kilomita 45 kwa saa. Kilomita 930 kwa mwendo huo ni karibu saa 21 za kuendesha. Kwa dereva mmoja, hizo ni siku tatu.

Mpango wa busara unaweza kuwa hivi. Siku ya kwanza ni Mombasa hadi Emali, takriban kilomita 360, kwa mapumziko Voi na Mtito Andei. Sehemu ya kati ya Voi na Mtito Andei inakata mbuga za Tsavo, na ndovu huvuka barabara. Hiyo ni sababu nyingine ya kuipita mchana.

Siku ya pili, gari linaondoka Emali alfajiri, linapimwa Athi River, kisha linaikwepa katikati ya Nairobi kwa kufuata barabara ya Southern Bypass hadi Kikuyu. Likifanya hivyo, litafika ukingo wa Bonde la Ufa jua likiwa juu, dereva akiwa bado na nguvu. Linalala Nakuru. Siku ya tatu ni Nakuru hadi Malaba, kilomita 285 hivi, na Timboroa inavukwa kabla ya mvua za alasiri.

Mwenye gari anayedai safari hiyo imalizike kwa siku mbili huwa ameamua mambo mawili bila kuyatamka: kwamba dereva atavunja sheria ya saa nane, na kwamba mojawapo ya miteremko mikubwa itapitwa usiku. Vivyo hivyo kwa anayemlipa dereva kwa idadi ya safari peke yake. Malipo ya namna hiyo huigeuza kila dakika ya kupoza breki kuwa hasara mfukoni mwa anayepaswa kuzipoza.

MAMBO YANAYOBADILI NJIA

Mzigo wa kupita unaoelekea nchi jirani hufungwa kifaa cha kielektroniki cha kufuatilia shehena, na lazima ufuate njia zilizotangazwa rasmi. Dereva wake hawezi kukata kona kutafuta njia fupi barabara ikifungwa. Ni sharti mpango uonyeshe mahali pa kusubiri, na nambari ya simu ya mtu mwenye mamlaka ya kutoa uamuzi.

Mvua za Machi hadi Mei na za Oktoba hadi Desemba huleta mafuriko na maporomoko. Mnamo Aprili 29, 2024, mafuriko yaliyosomba eneo la Mai Mahiu yaliua makumi ya watu. Mwishoni mwa 2025, kazi ya kupanua barabara ya Rironi hadi Mau Summit pamoja na ile ya Rironi, Mai Mahiu hadi Naivasha ilizinduliwa. Ujenzi wa aina hiyo huleta michepuko, kona za muda na matuta mapya, kwa hivyo habari za njia zinapaswa kuulizwa jioni ya kuamkia safari. Waliopita siku hiyo hiyo ndio mashahidi bora.

GARI LIKIKWAMA

Harufu ya breki ikitokea, dereva asijaribu kufika kituo kinachofuata. Anapaswa kusimama mahali tambarare, atie vizuizi vya magurudumu na asubiri. Ngoma iliyopata moto haimwagiwi maji, kwani inaweza kupasuka. Mawe yaliyotumiwa kuzuia magurudumu yasiachwe barabarani gari likiondoka. Matatu au bodaboda inayokuja nyuma gizani haitayaona.

Vibao vya pembetatu vinavyong'aa huwekwa mbele na nyuma, angalau mita 50 kutoka kwenye gari. Likiwa limekwama karibu na kona, kibao huwekwa kabla ya kona ili anayekuja apate muda wa kupunguza mwendo.

Ikiwa ni lori la mafuta lililopinduka, kazi ya kwanza ni kuwaondoa watu. Mnamo Januari 31, 2009, wakazi walimiminika Sachang'wan kuteka mafuta yaliyokuwa yakimwagika kutoka kwa lori lililopinduka. Moto ulizuka, na zaidi ya watu 100 wakafa.

MATRELA MADOGO PIA

Kanuni hizi haziwahusu madereva wa malori peke yao. Familia inayokokota karavani kwenda Naivasha, mvuvi anayevuta mashua, au mkulima anayesafirisha ng'ombe kwa trela dogo, wote hukabiliwa na mteremko ule ule. Vitu vizito huwekwa juu ya ekseli au mbele yake kidogo, kamwe si nyuma, kwa sababu trela lenye mkia mzito huanza kuyumba kama pendulumu likishika kasi. Kiungo na mnyororo wake hukaguliwa kila gari linaposimama, na matairi ya trela hupimwa upepo pamoja na ya gari.

Kabla ya kuondoka, karatasi moja inatosha: uzito kwa kila ekseli, kimo, vituo vya kulala, mizani, miteremko na gia zake, saa za kupita, na simu za dharura. Nakala moja hubaki ofisini au nyumbani, nyingine husafiri na dereva. Akifika juu ya Mai Mahiu na kuona kwamba jua limetua, karatasi hiyo ndiyo itakayompa haki ya kulaza gari na kungoja asubuhi. Mwenda pole hajikwai, na mzigo uliochelewa siku moja bado hufika.